Tshibumba, mchoraji aliyeuza historia ya Kongo picha moja moja

Mwishoni mwa mwaka wa 1973, kijana mmoja alipiga hodi kwenye nyumba ya mwalimu wa chuo kikuu huko Lubumbashi. Alikuwa amebeba picha alizochora kwa mkono wake, akitafuta mnunuzi. Jambo hilo halikumshangaza mtu. Miaka ile wachoraji wengi wa mji walitembeza kazi zao hivyo, kutoka mlango hadi mlango, kama wengine wanavyotembeza mkate au samaki.

Kijana huyo ni Tshibumba Kanda-Matulu. Alizaliwa mwaka wa 1947 katika mji huo huo, wakati ungali unaitwa Élisabethville, katika familia yenye asili ya Kasai. Mwalimu aliyemfungulia mlango ni Johannes Fabian, mzaliwa wa Ujerumani, aliyekuwa akifundisha anthropolojia hapo. Mazungumzo yao, ambayo yalifanyika kwa Kiswahili, yalizaa kitu ambacho hakuna waziri wala profesa wa nchi alikuwa amekitengeneza: historia nzima ya Kongo, tangu wakati wa mababu mpaka siku zijazo, katika picha zaidi ya 100.

Lakini tusikimbilie hizo 100. Kwanza tuone picha hizi zilikuwa za nani.

Hazikuwa za makumbusho. Lubumbashi ilikuwa na shule za wasanii tangu zamani. Mfaransa Pierre Romain-Desfossés alifungua ya kwake mwaka wa 1946, na vijana waliotoka humo, kama Pilipili Mulongoy na Mwenze Kibwanga, walisifika kwa picha za samaki, ndege na wanyama wa porini. Picha hizo nzuri zilikwenda zaidi kwa Wazungu. Tshibumba na wenzake hawakupita njia hiyo. Walichukua kitambaa cha mfuko wa unga, wakakinyosha juu ya vipande vya mbao, wakakipaka rangi ya chini, kisha wakachora. Picha ilikuwa ndogo, ya kutosha kutundikwa juu ya kiti katika chumba cha kupokelea wageni. Bei ilikuwa ya mfuko wa mfanyakazi: mtu wa mgodi wa Gécamines, karani, fundi wa treni, mwalimu wa shule ya msingi. Picha moja ikipendwa, mchoraji aliirudia tena na tena, akibadilisha kidogo hapa na pale. Wengine wameidharau tabia hiyo ya kurudia. Lakini ndiyo iliyomlisha mchoraji, na ndiyo iliyofanya picha ile ile ikae katika nyumba nyingi za Katuba, Kenia na Likasi, watu wakaitambua wote.

Wanunuzi walikuwa na neno lao: picha ni ukumbusho. Haikuwekwa ukutani kwa urembo tu. Iliwekwa ili mgeni akiingia aitazame, aulize, na mwenye nyumba aanze kusimulia. Kulikuwa na aina zinazojulikana, na kila aina ilikuwa na wakati wake. Kijiji cha mababu. Waarabu na watumwa waliofungwa minyororo. Mamba muntu, yule mwanamke wa majini mwenye kuleta utajiri na hatari. Na juu ya zote, mbili zilizotafutwa sana: Colonie Belge na Lumumba.

Colonie Belge inajulikana hata na wasiojua jina la mchoraji yeyote. Ni uwanja wa gereza. Bendera ya Ubeleji inapepea. Mfungwa amelazwa chini, na askari mweusi anampiga fimbo makalioni. Mzungu mwenye kofia amesimama pembeni anaangalia tu. Wanawake wanaonekana wamewaletea waume zao chakula.

Tazama vizuri ni nani anayepiga. Mikono ya Mbeleji haina kazi. Anayenyanyua fimbo ni mtoto wa nchi. Mwaka wa 1973 Wabeleji walikuwa wameacha utawala kwa miaka 13, lakini askari na gereza walikuwepo bado, na nchi ilikuwa chini ya chama kimoja cha Mobutu. Mtu akitundika picha ile nyumbani kwake, hakuna aliyeweza kumkamata: ni mambo ya zamani, ya wakoloni. Wageni walielewa walichotaka kuelewa. Kwa hiyo kusema kwamba watu wa Katanga walinunua picha hiyo kwa ajili ya kukumbuka Ubeleji peke yake ni kuwadharau akili.

Lumumba ndiye aliyemfanya Tshibumba ajulikane mbali. Alimchora akiwa mwenye kutoa hotuba siku ya uhuru, tarehe 30 mwezi wa sita 1960. Alimchora amekamatwa, mikono imefungwa. Alimchora amekufa. Kila mmoja wa wanunuzi alichagua Lumumba wake, na mwenye pesa aliweza kukusanya kadhaa, zikawa kama kitabu cha maisha ya mtu mmoja kilichotundikwa ukutani.

Picha ya kifo ndiyo inayosimamisha mtu. Lumumba amelala chini pamoja na wenzake wawili, Maurice Mpolo na Joseph Okito, waliouawa naye tarehe 17 mwezi wa kwanza 1961, porini, si mbali na mji huo huo ambamo Tshibumba aliuza picha zake. Nyuma yao kuna misalaba mitatu juu ya kilima. Damu inayomwagika kutoka ubavuni mwa Lumumba inaandika neno moja ardhini kwa Kifaransa: unité, umoja. Mkristo yeyote anaijua Golgota hiyo bila kuelezwa. Mchoraji mwenyewe alisema wazi kwamba kwake Lumumba alikufa kama Yesu, kwa ajili ya watu wake.

Kumbuka hali ya wakati ule. Mobutu alikuwa amemtangaza Lumumba shujaa wa taifa mwaka wa 1966. Lakini kuuliza ni nani aliyemtoa, nani aliyemsafirisha, nani aliyesimama pale usiku ule, hilo lilikuwa neno lingine. Na kaburi halikuwepo. Mwili uliharibiwa kwa asidi. Mpaka mwezi wa sita 2022, Ubeleji uliporudisha jino moja kwa familia yake, hapakuwa na kitu cha kuzika. Kwa miaka zaidi ya 60, misalaba ile mitatu juu ya mfuko wa unga ilikuwa karibu na kaburi kuliko kitu chochote ambacho familia nyingi zilipata kukiona.

Sasa turudi kwenye mlango wa Fabian. Baada ya kununua picha kadhaa, mwalimu aligundua kwamba kijana huyu hakujiona kuwa muuza picha tu. Alijiita mwanahistoria. Alikuwa na mpango kichwani wa kuchora nchi nzima kwa utaratibu, tukio baada ya tukio, lakini nani angemnunulia? Mfanyakazi wa mgodi hawezi kutundika picha 100. Na kuna matukio ambayo hakuna mtu angependa kulala akiyaona ukutani. Soko lilikuwa limemfunga kwenye aina zile zile tano au sita. Fabian akakubali kununua mfululizo wote. Tshibumba alirudi mara kadhaa, kila mara na fungu la picha, na kila picha aliieleza mbele ya mashine ya kurekodi sauti.

Humo ndimo aliweka yale ambayo soko halikumuomba. Aliweka kesi ya Simon Kimbangu, nabii aliyehukumiwa mwaka wa 1921 na kufa gerezani hapo Élisabethville mwaka wa 1951. Aliweka vita vya kujitenga kwa Katanga. Na aliweka mgomo wa wafanyakazi wa Union Minière.

Huo mgomo unastahili kusimuliwa, maana wengi waliozaliwa baadaye hawajausikia. Mwaka wa 1941, wakati wa vita vya dunia, kampuni ilitaka shaba zaidi na zaidi, huku bei za vitu zikipanda na mshahara ukibaki nyuma. Wafanyakazi waligoma. Tarehe 9 mwezi wa kumi na mbili walikusanyika katika uwanja wa mpira wa Élisabethville, pamoja na msemaji wao, Léonard Mpoyi. Gavana wa Katanga, Amour Maron, alifika na askari. Risasi zikapigwa ndani ya umati. Wakubwa walihesabu maiti kwa makumi. Wakaaji wa mji walisema ni wengi kuliko hapo. Katika masimulizi ya mitaa, gavana mwenyewe ndiye aliyempiga Mpoyi.

Tshibumba alizaliwa miaka 6 baada ya siku hiyo. Aliyoyachora aliyasikia kwa wazee. Ndiyo maana si kila tarehe yake ni sahihi, na mambo mengine aliyoyaeleza hayalingani na vitabu. Fabian hakumsahihisha. Wapo wanaosema hilo ni kosa, kwamba historia yenye tarehe mbovu ni hadithi. Lakini vitabu vya shule vya Wabeleji vilikuwa na tarehe sahihi na uwanja ule wa mpira haukuwemo.

Fabian aliondoka nchini mwaka wa 1974. Hapo maisha ya wachoraji yalianza kuharibika. Bei ya shaba ilianguka duniani, na mji unaokula shaba ukalala njaa. Mwaka wa 1977 na wa 1978 vita viliingia Shaba, kama Katanga ilivyoitwa wakati ule, na wageni wengi walikimbia. Mfanyakazi asiyelipwa hanunui picha. Tshibumba aliendelea kuchora na kuuza alivyoweza. Kuanzia miaka ya mwanzo ya 1980 habari zake zinakatika. Waliomtafuta, wakiwemo watafiti waliokuwa wamenunua kazi zake, hawakumpata, wala mzima wala kaburi.

Picha zenyewe zilipatwa na mambo mengine. Mwezi wa nane 1992 fujo zilianza Likasi, na mwaka uliofuata zikafika Kolwezi. Familia zenye asili ya Kasai, nyingi zikiwa zimezaliwa Katanga kama Tshibumba mwenyewe, zilifukuzwa katika nyumba za kampuni. Mamia ya maelfu ya watu walipoteza makao yao. Likasi walilala kwenye stesheni kwa wiki nyingi wakingojea treni ya kwenda Kasai, na wengi, hasa watoto, walifia njiani au hapo hapo stesheni. Nyumba hizo ndizo zilizokuwa na kuta zenye Colonie Belge na Lumumba. Anayesoma maneno haya akiwa chini ya shiti karibu na Goma au kwa jamaa huko Uvira anajua mtu hubeba nini akikimbia: mtoto, sufuria, godoro kama kuna mgongo wa kulibeba. Picha ya ukutani hubaki kwenye msumari.

Ndiyo sababu picha alizouza moja moja kwa majirani zimepotea kwa wingi, na ule mfululizo aliomuuzia mgeni mmoja umebaki mzima. Sasa uko Amsterdam, katika jumba la makumbusho lililojulikana kama Tropenmuseum. Kazi zake nyingine zilionyeshwa New York mwaka wa 1999, katika maonyesho juu ya Lumumba. Ni haki kuuliza kama mahali pake ni huko. Ni haki pia kukubali kwamba kama Fabian angekataa siku ile mlangoni, leo pasingekuwa na kitu cha kugombania.

Mwaka wa 1996 Fabian alitoa kitabu chenye picha zote na maelezo ya mchoraji. Maneno ya Kiswahili yaliyorekodiwa siku zile yameandikwa pia na kuwekwa kwenye intaneti, na mwenye simu anaweza kuyasoma bila kulipa. Si Kiswahili cha shule. Ni cha Lubumbashi, kimechanganyika na Kifaransa, jinsi fundi anavyozungumza na mteja wake. Tshibumba anaonyesha kidole kwenye picha, anasema huyu ni nani na yule ni nani, kisha anaendelea na inayofuata.