Aliyefika wa Mwisho na Aliyeishia Njiani

Mwaka jana niliishia njiani. Zilikuwa mbio za nusu marathoni, kilomita 21, na goti langu likagoma nilipofika kilomita ya 14. Nikapandishwa gari pamoja na wenzangu watatu waliokwama kama mimi. Njia nzima hakuna aliyemtazama mwenzake. Nyumbani, shemeji yangu, mtu asiyekosa neno, akaniuliza: "Kwa hiyo shemeji, wewe bado ni mkimbiaji?" Alikuwa ananitania tu, lakini mimi sikucheka.

Tangu siku ile nimekuwa nikimfikiria John Stephen Akhwari.

Kisa chake Watanzania wengi tunakijua, tumekisikia shuleni na redioni. Tarehe 20 Oktoba 1968, mwana huyu wa Mbulu alikimbia marathoni ya Olimpiki mjini Mexico City, mji ulio zaidi ya mita 2,200 juu ya usawa wa bahari, ambako hewa ni nyepesi na pumzi haitoshi. Kabla ya kufika nusu ya safari, wakimbiaji wakigombea nafasi, akaanguka. Goti likateguka, bega likaumia. Akafungwa bandeji, akaendelea. Mamo Wolde wa Ethiopia alishinda kwa saa 2:20:26. Akhwari aliingia uwanjani giza likianza, watazamaji wengi wameshaondoka, akichechemea. Muda wake: saa 3:25:27. Alikuwa wa 57, wa mwisho katika waliomaliza. Alipoulizwa kwa nini hakuacha, akajibu, kwa maana yake, kwamba nchi yake haikumtuma mbali kote kule akaanze mbio, ilimtuma akazimalize.

Kwa mtu aliyeshuka kwenye gari la majeruhi, kisa hiki ni kama kofi. Nikajiambia: yule alimaliza na goti limeteguka, wewe je? Basi si mkimbiaji, acha kujisumbua.

Ila nilipokaa na kukitafakari vizuri, nikaona kuna watu wawili tunaowasahau tunapokisimulia.

Wa kwanza ni Abebe Bikila. Huyu alishinda marathoni ya Roma mwaka 1960 miguu mitupu, akashinda tena Tokyo mwaka 1964. Hakuna aliyewahi kushinda marathoni mbili za Olimpiki kabla yake. Naye alikuwepo Mexico City, siku ileile, barabara ileile. Alikuja akiwa na maumivu ya mguu, na baada ya kilomita kama 17 akaacha. Ndiyo, Bikila aliishia njiani! Sasa niambie, msomaji wangu, tumwondoe kwenye orodha ya wakimbiaji wa kweli? Jamani, nani atathubutu?

Wa pili ni Akhwari mwenyewe, yule ambaye picha ya bandeji imemficha. Tunamsimulia kana kwamba alizaliwa siku ile, mtu mwenye moyo mkubwa na miguu mizito. Si kweli. Alikuwa na kasi hasa. Mwaka 1970, kwenye Michezo ya Jumuiya ya Madola mjini Edinburgh, alimaliza marathoni akiwa wa 5 kwa saa 2:15:05. Huo ni muda mzuri kuliko ule uliompa Wolde dhahabu kule Mexico, ingawa hali ya hewa haikufanana. Yaani miaka miwili baada ya goti lile kuteguka, mtu huyu alikuwa amerudi, anakimbizana na walio bora.

Kwangu mimi, hapo ndipo penye somo, na sijui kwa nini halisimuliwi. Kumaliza ukiwa umeumia kunahitaji ushujaa wa saa chache, tena mbele ya watu. Kurudi kunahitaji asubuhi nyingi ambazo hakuna kamera wala wa kukupigia makofi. Ni kuamka, kufunga kamba za viatu, kulisikiliza goti linasema nini leo, na kwenda.

Kiswahili chetu kina neno lenye pande mbili. Unaweza kukimbia ukielekea mahali, na unaweza kukimbia jambo, yaani kulikwepa. Nilipopanda lile gari, kilichoniuma si goti. Nilihofu kwamba nimelikimbia jambo, na goti limekuwa kisingizio tu. Bikila ananifundisha kwamba mwili ukikataa, kuacha si kukwepa. Akhwari wa Edinburgh ananifundisha kwamba jibu la swali la shemeji halipatikani siku ya mbio. Linapatikana baadaye, kama ulirudi barabarani au hukurudi.

Bado namheshimu Akhwari wa Mexico, na wanangu nitawasimulia. Lakini nitawaambia kisa chote: goti, giza, halafu Edinburgh. Na nitawatajia aliyeacha siku ileile, ambaye jina lake halikupungua hata herufi moja.

Wiki iliyopita nilikimbia kilomita 5, polepole, nikipitwa na watoto wanaowahi shule. Shemeji alikuwa barazani, akaniona narudi natoka jasho. Safari hii hakuuliza kitu. Akanisogezea kiti, akaniletea maji.