Rupia Moja ya Mzee wa Ploti

Saiba yangu iko Lucky Summer, chumba kimoja cha mabati, printa mbili, kompyuta tatu na mashine ya laminesheni ambayo huwaka ikitaka. Watu huleta kila kitu: vyeti vya kuzaliwa, fomu za basari, picha za marehemu za kuweka kwenye programu ya mazishi. Lakini mwaka jana mzee mmoja wa ploti yetu aliniletea kitu ambacho sikuwa nimewahi kuona. Alikitoa ndani ya Biblia, kimekunjwa mara mbili.

"Kijana wangu, hii utanipigia laminesheni pesa ngapi?"

"Hamsini, mzee."

Kisha nikaiangalia vizuri. Ilikuwa karatasi ndogo ya kijivu, nyepesi, kama ile ya kufungia bidhaa dukani, imechapwa kwa wino mweusi. Maandishi ya Kijerumani. Nambari. Sahihi mbili. Tarehe 1 Februari 1916. Mahali palipoandikwa ni Daressalam/Tabora. Na katikati: Eine Rupie. Rupia moja.

Nilimwambia mzee sitaipiga laminesheni, maana joto la ile mashine lingeiharibu. Akakubali. Halafu akaniuliza swali lililonifanya nikose usingizi: "Na benki je? Si imeandikwa wao watalipa?"

Nikamwambia anipe wiki moja.

Kwanza mjue mtaa wetu. Ukitoka Lucky Summer ukapitia Baba Dogo kwenda upande wa Thika Road, unafika Ruaraka, na hapo ndipo kilipokuwa kiwanda cha De La Rue, kampuni ya Uingereza iliyochapa noti za Kenya kwa miaka mingi. Sisi wa Eastlands tumekuwa majirani wa pesa bila kuwa na pesa. Januari 2023 kampuni hiyo ikatangaza inasimamisha uchapaji Kenya, kwa sababu Benki Kuu haikuwa na oda mpya. Mwaka uliofuata, noti zetu zikaanza kutoka Ujerumani, kwa kampuni inayoitwa Giesecke+Devrient. Shika hilo jina, tutalirudia.

Sasa rudi nyuma hadi 1905. Tanzania bara ya leo, pamoja na Rwanda na Burundi, ni koloni la Wajerumani. Mwaka huo inaanzishwa Deutsch-Ostafrikanische Bank, na inapewa ruhusa ya kutoa noti za rupia. Ni nzuri kwelikweli, na zinachapwa Leipzig na Giesecke & Devrient, kampuni ileile ambayo leo jina lake linatajwa ukishika noti mpya ya shilingi. Kwa hivyo karibu miaka 120 imepita, na pesa za Afrika Mashariki bado zinapanda meli kutoka kwa mchapaji yuleyule. Unaweza kucheka au kulia, hiari ni yako.

Mfumo huo ulikuwa sawa mradi tu meli zinafika. Agosti 1914 vita vikaanza, na manowari za Uingereza zikafunga pwani. Leipzig ikawa mbali kama mwezi. Hakuna noti mpya, hakuna fedha ya kutengenezea sarafu, hakuna wino, hakuna karatasi. Na vita vinakula pesa: askari walipwe, wapagazi walipwe, mtama na ng'ombe vinunuliwe kwa wananchi. Wakati huohuo watu wenye akili zao walikuwa wanafanya kile ambacho watu hufanya vita vinapoingia. Walizika sarafu za fedha chini ya kitanda, wakaacha karatasi itembee. Sarafu zikaingia mashimoni, zikapotea sokoni.

Gavana, Heinrich Schnee, alikuwa na tatizo ambalo mtu yeyote wa saiba analielewa: mteja anasubiri, toneri imeisha, na duka la toneri limefungwa. Serikali yake ikaamua kuchapa yenyewe. Dar es Salaam kulikuwa na gazeti la walowezi, Deutsch-Ostafrikanische Zeitung, na gazeti lina mashine ya chapa. Kuanzia Machi 1915, mashine iliyozoea kuchapa habari na matangazo ya biashara ikaanza kuchapa pesa. Waliziita noti za muda. Zilitoka za rupia 200, 50, 20, 10, 5, na hata ya rupia 1, kwa sababu askari ukimlipa noti ya 20 ataenda nayo wapi? Hakuna mama wa sokoni mwenye chenji.

Fikiria kazi yenyewe. Herufi za risasi zinapangwa moja moja. Karatasi ni ile inayopatikana, leo ya kijivu, kesho ya kahawia, keshokutwa nzito kama kadi. Ndiyo maana wakusanyaji wa noti za kale hutofautisha aina nyingi za noti ileile ya rupia moja. Hakuna alama ya maji, hakuna uzi wa usalama, hakuna picha ya kuchongwa ambayo mwizi hawezi kuiga. Kinga iliyobaki ni nambari na sahihi. Kwa hiyo maofisa waliketi na kalamu wakitia sahihi noti moja baada ya nyingine, wino ukikauka, mkono ukifa ganzi. Pesa ya dola nzima ilikuwa imesimama juu ya mwandiko wa watu wachache waliochoka.

Na maneno ya kwenye noti? Hapo ndipo swali la mzee linapoingia. Noti ilisema kwamba imedhaminiwa kikamilifu na serikali ya koloni, na kwamba benki itamlipa mwenye kuileta, kwenye madirisha yake ndani ya koloni, bila kumwuliza yeye ni nani. Ahadi nzuri. Lakini soma polepole: ndani ya koloni. Yaani ahadi inaishi mradi koloni liko.

Mwaka 1916 koloni likaanza kusinyaa. Waingereza na wanajeshi wa Afrika Kusini walishuka kutoka Kilimanjaro, Wabelgiji wakaja kutoka Kongo. Utawala wa Wajerumani ukahamia bara kwa kufuata reli ya kati, ile iliyofika Kigoma mwaka 1914, hadi Tabora. Ndiyo maana noti ya mzee ina majina mawili, Daressalam na Tabora. Ni serikali iliyokuwa na mguu mmoja huku na mwingine kule.

Tabora wakaonyesha ufundi wa ajabu. Karakana ya reli ikageuzwa kuwa kiwanda cha sarafu. Shaba ilitoka kwenye maganda ya risasi na mizinga na vyuma chakavu, ikapigwa kuwa sarafu za heller 5 na heller 20, zikiwa na herufi T ya Tabora. Kwa dhahabu ya mgodi wa Sekenke, huko Singida ya leo, wakapiga sarafu ya rupia 15, upande mmoja tembo ameinua mkonga na milima nyuma yake. Zilitoka 16,198 tu. Leo hizo tembo zinauzwa kwenye minada Ulaya kwa bei ya juu.

Lakini angalia tofauti, maana ndiyo kiini cha haya yote. Sarafu ya dhahabu haihitaji ahadi ya mtu. Serikali ikianguka, dhahabu inabaki dhahabu. Hata heller ya shaba unaweza kuiyeyusha ukatengeneza kitu. Karatasi ya kijivu ikipoteza mwenye ahadi, inabaki karatasi ya kijivu. Na nani aliyekuwa na karatasi ya rupia moja? Ni mkulima aliyeuza mtama wake, askari, mpagazi. Wale waliokuwa na nguvu ya kuchagua walishika chuma. Wale wasiokuwa na nguvu walishikishwa karatasi.

Septemba 1916 Waingereza waliingia Dar es Salaam, na mwezi huohuo, tarehe 19, Wabelgiji wakaingia Tabora. Madirisha ya benki yakafungwa. Hapo ungedhani uchapaji umeisha. Haukuisha. Jeshi la Paul von Lettow-Vorbeck likarudi nyuma kuelekea kusini, na mwaka 1917 likawa bado linahitaji pesa za kulipa na kununulia chakula. Mashine ya gazeti haikuwepo tena. Kwa hivyo wakatumia mihuri ya herufi za raba, kama vile visanduku ambavyo watoto huchezea, wakipiga muhuri neno kwa neno juu ya karatasi yoyote waliyopata. Hizo zinaitwa Buschnoten, noti za porini. Kuna siku nilimtengenezea mama mmoja risiti za chama kwa muhuri wa raba nikaona ni kazi duni. Kumbe kuna dola iliyowahi kulipa watu kwa njia hiyo.

Novemba 1917 jeshi hilo likavuka Mto Ruvuma kuingia Msumbiji. Mwaka uliofuata, 25 Novemba 1918, likasalimu amri Abercorn, Mbala ya leo nchini Zambia. Noti zikabaki nyuma mikononi mwa watu.

Usidhani hii ni hadithi ya Wajerumani peke yao, au ya kale tu. Tarehe 1 Juni 2019, Madaraka Dei, gavana wa Benki Kuu ya Kenya alitangaza kwamba noti ya zamani ya shilingi 1,000 itakufa 30 Septemba. Tulipewa miezi minne. Sababu zilitolewa, ufisadi na pesa bandia, na sizipingi. Lakini siku ya mwisho ilipopita, noti zipatazo milioni 7.4 hazikuwa zimerudi. Watu walisema ni za mafisadi. Huenda nyingi zilikuwa zao. Mimi najua mbili ambazo hazikuwa zao. Zilikuwa za shosho mmoja wa mtaani, ameziweka ndani ya godoro za kumzika, na alikuja kuniuliza Desemba kama naweza "kuzirekebisha kwa kompyuta." Nilimwangalia nikakosa la kusema.

Basi wiki ikaisha, mzee akarudi. Nilimvutia kiti nikamweleza yote: Leipzig, gazeti, Tabora, muhuri wa raba. Nikamwambia hakuna benki itakayoilipa, kwa sababu aliyeahidi aliondoka zaidi ya miaka 100 iliyopita. Nilidhani atakasirika. Alitikisa kichwa tu.

"Hiyo nilijua," akasema. "Babu aliiokota huko Tanganyika. Hakufanyia Mjerumani kazi. Alikuwa Kariako ya Mwingereza, yeye na ndugu yake. Babu alirudi. Ndugu yake hakurudi."

Nikanyamaza. Kila mtu wa Nairobi anajua soko la Kariokor, wachache wanajua jina lilitoka kwa Carrier Corps, kikosi cha wapagazi waliokusanywa kwa nguvu kutoka Nyanza, Ukambani, Kati, Pwani, kila mahali, kubebea jeshi la Mwingereza chakula na risasi. Mpagazi wa kawaida alilipwa kama rupia 5 kwa mwezi. Hesabu rasmi inasema waliokufa ni zaidi ya 40,000, wengi kwa kuhara, malaria na njaa, wala si kwa risasi. Na mishahara ya wengi waliokufa haikufika kwa ndugu zao. Majina yaliandikwa vibaya, vijiji vikachanganywa, na pesa zikabaki kwa serikali. Kenyatta Avenue kuna sanamu ya askari na mpagazi, imesimama tangu 1928. Sanamu iko. Malipo je?

"Sasa hiyo ya ndugu ya babu," mzee akauliza, "hiyo nayo tunaulizia benki gani?"

Hapo sikuwa na wiki ya kuomba. Mjerumani alichapa ahadi akashindwa vita, kwa hivyo angalau ana kisingizio. Mwingereza alishinda. Karatasi zake zilikuwa nzuri, wino wake haukuisha, ofisi zake hazikuhamishwa kwa treni usiku. Na bado yule mtu hakulipwa. Nimekuwa nikiwaza kwamba pesa mbaya ni ile iliyochapwa vibaya. Mzee alinionyesha kwamba uchapaji si shida. Shida ni kama anayeandika ahadi anakuhesabu kuwa mtu wa kudaiwa naye.

Nilitoa kopi ya rangi ya ile noti, nikaikuza mara tatu ili isije ikaonekana tunatengeneza pesa. Tukacheka kidogo kwa hilo. Kisha akaniomba niandike chini yake jina la ndugu ya babu yake, jina lote, kama familia inavyolitamka, na kijiji alikochukuliwa. Alinisomea herufi moja moja. Niliandika, nikamwonyesha kwenye skrini, akasahihisha herufi mbili.

Alitaka nakala tatu, moja kwa kila mtoto. Printa ilikwama kwenye ya pili, nikaifungua, nikavuta karatasi, nikaanza tena. Akatoa simu anitumie pesa. Nikamwambia, "Wacha, mzee."