Saa za Guangzhou: Ugomvi wa orijino na kopi ulianzia mbali

Ugomvi wa orijino na kopi haujaanza na simu wala raba. Zaidi ya miaka 250 iliyopita uliingia mpaka ikulu ya Beijing, na kilichogombewa kilikuwa saa.

Tuanzie nyuma kidogo. Mwaka 1601 padri Mwitaliano, Matteo Ricci, alimpelekea Kaizari Wanli saa mbili. Kaizari alinogewa hasa na ile ndogo. Inasimuliwa kuwa mama yake alipoomba kuiona, jamaa aliogopa ataing'ang'ania, akawaamuru matowashi wasiitie ufunguo. Mama kaletewa saa imekaa kimyaa. Akaona ya nini hii, akairudisha. Mtoto wa mjini!

Sasa njoo kwa Kaizari Qianlong, aliyekalia kiti kuanzia 1735 hadi 1796. Huyu kwa saa alikuwa hajiwezi. Moja ya zilizopo mpaka leo ilitengenezwa London na Timothy Williamson: mnara wa shaba iliyopakwa dhahabu, na ndani yake kisanamu cha Mzungu kimepiga goti, kimeshika brashi. Ukiiwasha, kinaandika herufi nane za Kichina zenye maana kwamba mataifa ya pande zote yanakuja kumheshimu mfalme. Mzungu wa shaba anamsifia Kaizari kwa Kichina! Nani asingeipenda?

Mafundi wa Guangzhou, mji wa bandari uliofanya biashara na Wazungu, wakajifunza huo ufundi, wakaongeza mambo yao. Saa zao zilikuwa na minara ya ghorofa inayopanda na kushuka, na maua ya yungiyungi yanayofunguka petali. Fimbo za kioo zilizosokotwa zilizunguka, ukitazama unaapa ni maji yanaporomoka. Vitu vyote hivyo viliendeshwa na springi na gia zilizofichwa chini, muziki ukipiga. Juu yake kuna rangi za enameli, bluu na kijani kali, ambazo ukiziona tu unajua hii ni Guangzhou.

Lakini ikulu ilitaka vya ng'ambo. Qianlong alituma agizo kwa wakubwa wa huko kwamba saa wanazoleta ziwe zimetengenezwa kweli ughaibuni. Yaani umekesha na msasa miezi, halafu unaambiwa siyo yenyewe.

Na kwenye baadhi ya saa za Guangzhou kuna kituko: usoni zimeandikwa herufi za Kizungu zisizosomeka neno lolote. Siyo Kiingereza, siyo Kifaransa, ni urembo tu ili saa ionekane imevuka bahari. Ukizisogelea unaona kabisa aliyeziandika alikuwa ananakili maumbo tu.

Mwaka 1860 wanajeshi wa Uingereza na Ufaransa walipora kasri la Yuanmingyuan, na saa zikabebwa humo humo. Zilizobaki Beijing ziko kwenye Jumba la Makumbusho la Kasri, zaidi ya 1,000. Siku hizi saa ya Guangzhou ikipelekwa mnadani, wenye hela zao wanapandishiana dau mpaka mamilioni ya fedha.

Vibao vya makumbusho navyo vinachekesha na kuuma. Saa ya London ina jina la fundi wake. Za Guangzhou, nyingi zimeandikwa jina la mji tu.