Treni ya abiria Pwani na sababu za Kilifi na Malindi kubaki nje ya reli

ABIRIA anayeshuka katika stesheni ya Miritini, Mombasa, huku safari yake ikiwa ni ya Malindi, hugundua kwamba sehemu iliyosalia ndiyo yenye usumbufu. Garimoshi limemtoa Nairobi na kumfikisha Pwani kwa muda wa saa tano hivi. Kutoka hapo hupanda matatu ya kumwingiza kisiwani, kisha nyingine ya kumvusha Nyali, Mtwapa na Kilifi, mwendo wa takriban kilomita 120 kutoka Mombasa hadi Malindi. Siku ya msongamano, kipande hicho cha mwisho humchosha kuliko safari nzima ya reli.

Ndiyo maana kila tangazo la kuboreshwa kwa usafiri wa treni Pwani hupokewa kwa namna mbili katika kaunti moja. Mkazi wa Mariakani huliona kuwa habari yake. Mkazi wa Watamu huliona kuwa habari ya wengine, ingawa wote wawili wako chini ya serikali ile ile ya Kaunti ya Kilifi.

Mpango uliozungumzwa zaidi ni ule wa Shirika la Reli la Kenya wa kurejesha treni za abiria wa kila siku mjini Mombasa kwa kutumia reli ya zamani. Kazi yake ina sehemu tatu: kukarabati njia kongwe inayotoka stesheni ya kisiwani kupitia Changamwe, kujenga kiungo kifupi cha kuiunganisha njia hiyo na stesheni ya reli ya kisasa ya Miritini, na kuweka daraja la reli katika kivuko cha Makupa. Walengwa ni wa aina mbili. Kuna msafiri wa Nairobi anayetaka kufika mjini bila kugombania matatu akiwa na mizigo, na kuna mfanyakazi wa bandari au kiwanda ambaye kila alfajiri hukwama nyuma ya malori katika barabara ya Mazeras, Jomvu na Changamwe.

Haja hiyo ilitokana na uamuzi wa kuiweka stesheni kuu ya reli ya kisasa nje ya kisiwa. Treni ya Madaraka Express ilizinduliwa Mei 31, 2017 na kuanza kubeba abiria siku iliyofuata. Mwezi mmodi hivi kabla ya hapo, Aprili, treni ya usiku iliyokuwa ikitoka Nairobi hadi katikati ya Mombasa ilikuwa imefanya safari yake ya mwisho. Mji ulipata treni ya kasi ukapoteza ile iliyofika mlangoni. Hesabu hiyo haikufanywa kwa sauti wakati wa sherehe.

Makupa penyewe pana historia ndefu katika jambo hili. Reli ya Uganda ilipoanza kujengwa mwaka 1896, kizuizi cha kwanza kilikuwa maji yanayokitenga kisiwa na bara, na daraja lililojengwa hapo likapewa jina la Salisbury, waziri mkuu wa Uingereza wa wakati huo. Mwaka 1929 lilifuatwa na tuta la mawe na udongo lililobeba reli na barabara pamoja. Tuta hilo lilizuia mwendo wa maji ya bahari kwa zaidi ya miaka 90, hadi daraja jipya la barabara lilipofunguliwa Agosti 2022. Reli nayo ilihitaji daraja lake.

Swali ambalo wasomaji wa Kilifi na Malindi huuliza ni kwa nini reli haikupinda kuelekea kaskazini tangu mwanzo. Jibu ni kwamba haikujengwa kwa ajili ya Pwani. Lengo lake lilikuwa ziwa na nchi ya Uganda iliyo ng'ambo yake. Ilipovuka Makupa ilipanda vilima vya Mazeras na kuipa bahari kisogo. Ilifika Nairobi mwaka 1899 na kugusa maji ya Ziwa Viktoria, mahali panapoitwa Kisumu leo, Desemba 1901. Nazi, korosho na katani za ukanda wa Kilifi ziliachiwa majahazi na barabara.

Sababu ya pili ni hori za bahari. Msafiri wa kutoka Mombasa kwenda Malindi hukutana na maji mara tatu: hori ya Tudor upande wa Nyali, hori ya Mtwapa na hori ya Kilifi. Nyali ilipata daraja la kuelea mwaka 1931, na daraja la kudumu mwaka 1980. Kilifi ilingoja zaidi. Magari yalivushwa kwa feri kati ya Mnarani na mji wa Kilifi hadi mwaka 1991, lilipokamilika daraja lililojengwa na Wajapani. Wazee wa huko wangali wanakumbuka foleni ya feri, na biashara ya korosho na machungwa iliyostawi kando yake. Ikiwa gari dogo lilichukua hadi 1991 kuvuka Kilifi bila kupanda chombo, si ajabu kwamba hakuna aliyewahi kuweka fedha mezani kwa ajili ya daraja la reli mahali hapo.

Mradi wa LAPSSET uliibua matumaini kwa muda. Ulipozinduliwa Lamu mnamo Machi 2012 mbele ya Rais Mwai Kibaki, Rais Salva Kiir wa Sudan Kusini na Waziri Mkuu Meles Zenawi wa Ethiopia, reli ilikuwa miongoni mwa ahadi zake. Hata hivyo, njia iliyochorwa hutoka Lamu kuelekea Garissa na Isiolo, wala haishuki Malindi. Gati la kwanza la Lamu lilifunguliwa Mei 2021, lakini lilifunguliwa bila reli. Kwa ukanda wa Kilifi, fedha za maendeleo zimeelekezwa kwenye lami: mwaka 2019 Benki ya Maendeleo ya Afrika iliidhinisha ufadhili wa barabara ya pwani inayounganisha Kenya na Tanzania, ambao unahusu pia kupanuliwa kwa sehemu ya kati ya Mombasa na Kilifi.

Lakini kusema kwamba Kaunti ya Kilifi haina reli ni kosa. Mariakani iko Kilifi, na ina reli mbili. Reli ya zamani hupita hapo, na reli ya kisasa ina stesheni ya abiria, ya kwanza baada ya Miritini kwa anayekwenda Nairobi. Jambo ambalo wasafiri wengi wa Malindi hawalitilii maanani ni barabara ya lami inayotoka Mariakani kupitia Kaloleni hadi Mavueni, ambako hukutana na barabara kuu ya Mombasa na Malindi, karibu tu na daraja la Kilifi. Anayetoka Nairobi akashuka Mariakani na kufuata njia hiyo hana haja ya kuingia Mombasa kabisa. Changamwe, Makupa, Nyali na Mtwapa huwa ameziacha kando.

Kikwazo ni ratiba. Treni inayosimama Mariakani ni ile ya kaunti, iliyoanzishwa Novemba 2017 kwa ajili ya vituo vya njiani kama vile Voi, Mtito Andei na Emali, nayo kwa miaka mingi imekuwa ikipita mara moja kwa siku kila upande. Treni za moja kwa moja, za alasiri na za usiku, hazisimami. Treni ya aina hiyo humfaa mwenye safari ya siku nzima. Haimfai fundi wa Mariakani anayepaswa kuwa kazini Changamwe saa moja asubuhi.

Hapo ndipo tofauti ya huduma hizi mbili inapopaswa kueleweka. Treni ya mbali hupimwa kwa kasi na raha ya viti, lakini treni ya kila siku hupimwa kwa wingi wa safari zake asubuhi na jioni, na kwa abiria kujua kwamba akiikosa moja, nyingine haiko mbali. Reli ya njia moja huzuia jambo hilo, kwa sababu treni mbili zinazokabiliana hupishana tu mahali palipo na njia ya pembeni, na ya mizigo nayo inadai nafasi yake. Injini inayovuta mabehewa huongeza tatizo, kwani mwisho wa safari ni lazima ifunguliwe na kuzungushwa hadi upande wa pili. Treni zenye chumba cha dereva pande zote mbili huepuka kazi hiyo. Dereva huhama tu.

Nairobi ilianza kwa njia hiyo ya polepole. Stesheni ya Syokimau ilifunguliwa na Rais Kibaki Novemba 2012, ikitumia injini na mabehewa ya kawaida. Miaka minane baadaye, Novemba 2020, zilizinduliwa treni za dizeli zilizokuwa zimetumika kwanza katika kisiwa cha Mallorca, Uhispania. Dar es Salaam ilianza Oktoba 2012 kwa treni ambayo wananchi waliibatiza jina la waziri wa uchukuzi wa wakati huo, Dkt Harrison Mwakyembe, ikipita kwenye njia za TRL na TAZARA. Katika miji yote miwili, huduma ilianzia kwenye reli iliyokuwapo tayari, na katika yote miwili saa za treni zilibanwa na saa za mizigo.

Kwa kipimo hicho, Mombasa na Mariakani zina sehemu ngumu zaidi ya kazi mikononi: njia yenyewe ipo. Treni ya abiria wa Mombasa ikiishia Miritini, itakuwa huduma ya jiji na ya wageni wa reli ya kisasa. Ikiendelea hadi Mazeras, watu wa Rabai wataifikia. Ikifika Mariakani, itakuwa imeingia ndani ya Kilifi, mahali ambapo barabara ya Kaloleni inaanzia. Wawakilishi wa kaunti hiyo wamezoea kuulizia reli ya Malindi, ambayo ni ya hori tatu na mabilioni ya shilingi. Swali la mahali ambapo treni ya Mombasa itageuzia linaweza kujibiwa kwa ratiba, jukwaa la stesheni na matatu zinazosubiri nje treni inapoingia.

Suala la nauli nalo litaamua mengi. Daraja la kawaida la Madaraka Express kati ya Nairobi na Mombasa lilianza kwa Sh700 mwaka 2017, na kufikia Januari 2024 lilikuwa limepanda hadi Sh1,500. Msafiri wa mara moja kwa mwezi hulalamika kisha akalipa. Mfanyakazi anayepanda mara mbili kwa siku hawezi, na nauli ikizidi ile ya matatu kwa kiasi atakachokihisi mfukoni, ataachana na reli na kurudi barabarani nyuma ya malori.