Dawa ya Viungo Iliyokaza Misuli

Nimegawa dawa hapa Magomeni, Kilosa, tangu enzi za yale makasha ya dawa muhimu ya miaka ya 1980. Wazee waliozeekea kwenye mkonge wa Kimamba na Rudewa walifika asubuhi, vidole havikunjiki, wakitaka "dawa ya viungo". Nahesabu aspirini kwa ncha ya kisu, natia kwenye bahasha, naandika 2x3, basi.

Penisilamini, dawa nyingine ya viungo, hatukuwa nayo, niliisoma tu. Lakini hakuna dawa iliyonifunza kazi yangu kama hiyo.

Mwaka 1912, huko London, Kinnier Wilson alieleza ugonjwa unaokakamaza mwili na kuharibu ini. Baadaye ikajulikana chanzo chake ni shaba inayorundikana mwilini. Daktari Mwingereza, John Walshe, aliwahi kuikuta penisilamini kwenye mkojo wa wagonjwa waliopewa penisilini, akakisia kuwa itainasa shaba na kutoka nayo. Akaimeza mwenyewe kwanza (leo nani angemruhusu?), ndipo akampa mgonjwa. Akaitangaza mwaka 1956.

Kisha madaktari wakaijaribu kwa ugonjwa wa viungo, baridi yabisi. Iliwafaa wengi, ikawaletea wengine vipele na maradhi ya figo. Mwaka 1979 madaktari wa Uingereza wakaandika jingine: mgonjwa anaitumia, misuli inakaza na kuchezacheza yenyewe. Inaaminika dawa huichokoza kinga ya mwili, kinga ikaivamia mishipa ya fahamu, nayo ikawa haiachi kuamuru misuli.

Hapo ndipo pagumu. Mtu alikuja kwako amekakamaa; akirudi amekakamaa zaidi, utasema ugonjwa umezidi na utamwongezea vidonge. Madaktari wale waliishuku dawa yenyewe.

Sisi tungejuaje jambo kama hilo? Daftari letu lilikuwa na jina, umri, kijiji, ugonjwa na dawa. Safu ya yaliyompata mtu baada ya kumeza haikuwepo. Fomu ya njano ya kuripoti madhara ya dawa mimi niliishika uzeeni.

Na tulikuwa na cha kuandika. Klorokwini, ambayo kwingine ni dawa ya baridi yabisi pia, sisi tuliitoa kwa malaria, na watu wakajikuna usiku kucha. Wengine walizitupa tembe njiani, homa ikarudi, tukawapa zilezile. Mwaka 2001 serikali ikaacha kuitumia kama dawa ya kwanza kwa kuwa malaria ilishaizoea. Muwasho ule kila mtu mtaani aliujua. Daftarini niliandika "malaria".