Laptopu ya safari na ya kuangalia muvi na wana: pima haya kabla hujatoa hela

Hii ni kwa wanaojipanga kununua laptopu, hasa vijana wa hapa Kilakala na majirani zetu wa Bigwa na Kigurunyembe, ambao mashine hiyo hiyo moja inatakiwa isafiri kwenye begi, na jioni igeuke kuwa TV ya geto. Kila boom likitoka maswali ni yale yale: i5 au i7? HP au Dell? Wadau, hayo siyo ya kwanza. Kwa matumizi yetu haya mashine inapona au inakufa kwa betri, chaja na kioo. Prosesa inafuata, nayo ina jambo moja kubwa ambalo wengi wanapigwa nalo siku hizi. Nitafika huko.

Kwanza tuelewane ni safari ipi. Kwenda Dar siyo tatizo. Tangu treni ya SGR ianze kubeba abiria Juni 2024, kutoka Moro mtu anafika chini ya masaa mawili. Basi la kutoka Msamvu linachukua masaa manne hivi foleni ikikaza. Safari inayopima laptopu ni ya kupanda milima: Mgeta kutokea Sangasanga, au Kinole na Matombo upande wa mashariki wa Uluguru ambako mvua haina adabu. Gari linatikisika mwanzo mwisho, na nyumba unayofikia huenda ina umeme wa TANESCO, huenda ina sola ya taa tatu na kuchaji simu. Ikiweza huko, Dar itaweza tu.

BETRI

Usiulize "inakaa na chaji masaa mangapi", maana muuzaji atakujibu unachotaka kusikia. Uliza wati-saa, zile herufi Wh zinazoandikwa kwenye betri. Laptopu ya kawaida ya ofisi ikicheza muvi, mwanga umewekwa wa kati, inakula kama wati 8 mpaka 12. Betri ya 50 Wh ikiwa mpya, gawa kwa 10, unapata masaa matano. Hapo muvi mbili zinaisha na bado unasoma notsi. Sasa chukua mashine ya mtumba ambayo betri yake imebaki na asilimia 60: ni 30 Wh, masaa matatu. Ikibaki asilimia 35 muvi ya Kihindi haifiki mwisho, na wana wanakulaumu wewe.

Kuipima ni bure. Kwenye Windows andika cmd sehemu ya kutafuta, fungua, kisha andika powercfg /batteryreport na ubonyeze Enter. Mashine itatengeneza faili na kukuonyesha limehifadhiwa wapi. Lifungue, utafute namba mbili: Design Capacity, yaani uwezo ilioutoka nao kiwandani, na Full Charge Capacity, uwezo uliobaki. Gawa ya pili kwa ya kwanza. Ikiwa chini ya asilimia 70, ongea na muuzaji apunguze bei ya betri mpya, au achana nayo.

Ila usiishie hapo. Kuna betri za kubandika zinazotoa ripoti nzuri wakati ndani hamna kitu. Chomoa chaja, weka video, subiri dakika 20. Ikishuka asilimia 10, una kama masaa matatu na dakika ishirini. Ikishuka 25 au ikizima ghafla, umeshapata jibu. Muuzaji atakwambia "bosi, dakika ishirini nyingi, kuna wateja". Mwambie unasubiri. Hela ni yako.

Pia ilaze mezani uitazame kwa pembeni. Chini kukiwa na tumbo, au ile sehemu ya kupapasa kidole imenyanyuka, betri imevimba. Hiyo ni hatari ya moto, hata uuziwe nusu bei.

CHAJA, SOLA NA PAWABENKI

Hapa ndipo mtu wa safari anatakiwa kuwa mkali. Tafuta mashine inayochajiwa kwa USB-C. Faida yake ni kwamba chaja moja inahudumia laptopu na simu, na pawabenki kubwa inaweza kuichaji. Pawabenki iwe na mfumo wa PD unaotoa wati 45 au zaidi. Ile ndogo ya simu haitaisogeza. Hesabu yake: mAh 20,000 mara volti 3.7 ni 74 Wh, lakini kwenye kubadilisha volti zinapotea, kwa hiyo kinachofika kwenye laptopu ni kama 55 mpaka 60. Ni sawa na betri moja nzima ya ziada. Ukipanda ndege, pawabenki inakaa kwenye begi la mkononi, haipelekwi kwenye mizigo, na mwisho ni 100 Wh bila kuomba ruhusa ya shirika la ndege.

Sola ndogo za nyumbani zinatoa volti 5 za simu na volti 12 za taa, laptopu inataka volti 19 au 20. Chaja ya gari ya USB-C inaweza kupandisha hizo 12, lakini fikiria kwanza. Betri ya sola ya volti 12, Ah 7, ina 84 Wh ikiwa imejaa. Ukijaza laptopu ya 50 Wh umemaliza zaidi ya nusu, na mwenyeji wako analala gizani kwa sababu ya muvi yako. Chaji mchana jua likiwaka, na umuombe mwenye nyumba.

Mashine nyingi za mtumba zinakuja na plagi ya Ulaya ya pini mbili za duara. Badilisha waya uweke wa pini tatu za kwetu, siyo ile adapta ndogo inayolegea na kutoa cheche. Kibodi nayo iangalie: za Ujerumani zimebadilishana Y na Z, za Ufaransa A iko kwenye nafasi ya Q. Utazoea, lakini anayeazima atakusumbua.

KIOO CHA WATU SITA

Laptopu ya kuangalia peke yako na ya kuangalia watu sita kitandani ni vitu viwili tofauti. Kuna vioo vya aina ya TN na vya IPS. TN ukikaa katikati unaona safi, aliyekaa pembeni rangi zimepauka, na ukiinamisha kidogo nyuso zinakuwa nyeusi kama picha ya negativu. IPS mnaona wote. Huhitaji kusoma karatasi: weka video, nenda upande wa kulia, upande wa kushoto, kisha chuchumaa. Rangi zikibadilika, acha.

Jina la modeli lisikudanganye hapa. Lenovo ThinkPad T480 ya 2018 inasifiwa sana, na inastahili, lakini zilitoka pia zenye kioo cha TN cha 1366 kwa 768, kando ya zile za IPS za 1920 kwa 1080. Jina moja, mashine mbili. Kwa ukubwa, inchi 14 ndiyo inayobebeka, nyingi zina kilo moja na nusu hivi. Ya inchi 15.6 inapendeza getoni, lakini karibu kilo mbili mgongoni ukipanda kwa miguu toka barabarani utazisikia.

Sauti ya laptopu haitoshi watu sita, tusidanganyane. Mvua ikipiga bati husikii kitu. Spika ya Bluetooth inasaidia ila baadhi zinachelewa, mdomo unafunga sauti ndiyo inafika. Waya wa sabufa kwenye tundu la hedifoni hauna tatizo hilo, kwa hiyo hakikisha tundu lipo na linafanya kazi. Na tundu la HDMI: ukifika nyumbani kwenye TV kubwa unachomeka, familia nzima inaangalia. Laptopu nyembamba nyingi hazina HDMI, zina USB-C tu, na siyo kila USB-C inatoa picha. Nenda dukani na waya wako ujaribu pale pale kwenye TV yao.

PROSESA NA ILE HABARI YA WINDOWS

Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft walisitisha huduma ya kawaida kwa Windows 10. Mashine haikuzimika, ila masasisho ya usalama ya bure kwa wote yaliishia hapo, na ule muda wa ziada waliotoa kwa watumiaji wa nyumbani unaishia Oktoba 2026. Windows 11 inataka chipu ya TPM 2.0 na, kwa Intel, kizazi cha 8 kwenda juu ukitoa chache sana. Makampuni ya Ulaya na Marekani yakaanza kutoa mashine zao za zamani, na unajua zinapoishia.

Kwa hiyo soma namba. i5-8250U, tarakimu ya kwanza baada ya kistari ni 8, kizazi cha 8, inapita. i7-6600U ni kizazi cha 6, haipiti, pamoja na kuitwa i7. Ikianza na 10, 11 au 12 ni vizazi hivyo. HP EliteBook 840 G3 ni kizazi cha 6, G4 ni cha 7. G5 nyingi ni cha 8 lakini zipo zilizotoka na cha 7, kwa hiyo fungua uangalie mwenyewe. Dell Latitude 7490 nyingi ni kizazi cha 8. Kwa AMD Ryzen rahisi ni kutumia programu ya PC Health Check ya Microsoft wenyewe, itakujibu inapita au haipiti.

Mafundi wanaweza kukuwekea Windows 11 kwa ujanja kwenye mashine isiyokubalika. Itawaka. Lakini Microsoft hawaiungi mkono, na sasisho lolote linaweza kugoma siku moja ukiwa na kazi ya chuo. Kama umeipata bei ya chini kweli na ni ya muvi na kuandika tu, weka Linux Mint, ni bure. Ila ilipie kama mashine ya kizazi cha 6, siyo kama i7.

RAM ianzie 8 GB. Diski iwe SSD, na kwa sisi hili siyo la kasi tu. Diski ya zamani ina sahani inayozunguka na sindano inayosoma juu yake. Ikitikisika ikiwa kazini inajikwaruza, na barabara za Uluguru hazina huruma. SSD haina kinachozunguka.

T480 nairudia kwa sababu moja: ina betri mbili, ndogo ya ndani ya 24 Wh na ya nje inayochomoka. Unatoa ya nje, unaweka nyingine iliyojaa, muvi inaendelea. T490 iliyofuata haina hiyo. Kwa mtu wa vijijini sijaona ya mtumba inayoizidi, mradi kioo kiwe cha IPS.

ILIYOFUNGWA

Mashine za ofisi huwa zinabaki zimefungwa na mwenye nazo wa zamani. Iwashe upya, ingia kwenye BIOS. Ikidai neno la siri ambalo muuzaji halijui, iache. Kisha mwombe aanzishe Windows upya kabisa uiunganishe na hotspoti ya simu yako. Ikitokea salamu ya kampuni fulani ikikutaka uingie kwa barua pepe ya kazini, hiyo bado inatambulika kuwa ya kampuni hiyo, na kuifuta hakusaidii, itarudi pale pale. MacBook ikidai akaunti ya Apple ya mtu mwingine ni hivyo hivyo. Jamaa wa Kariakoo watakwambia "hiyo fundi anatoa". Basi aitoe kwanza, hela baadaye.

Dai risiti ya EFD yenye jina la mashine na uombe waandike na namba yake ya siri ya kiwandani. Polisi wakikusimamisha na begi, au mashine ikigoma kesho yake, hiyo ndiyo ya kuonyesha.

MUVI ZENYEWE

Weka VLC, ni bure na inacheza karibu kila faili, hata zile za HEVC ambazo programu ya Windows inataka uzilipie. Kizazi cha 8 kinacheza HEVC na VP9 kwa chipu yenyewe, kwa hiyo feni inatulia na betri inadumu. AV1 inaanzia kizazi cha 11. Muvi ikikwama na feni inalia, tafuta nakala ya aina nyingine kabla hujailaumu mashine. Wenye DVD za Bongo Movi, laptopu mpya hazina tena sehemu ya kuweka diski, nunueni ile ya nje ya USB.

Kuangalia na wana getoni ni jambo moja. Ukianza kuchaji watu kiingilio umeshafungua kibanda umiza, na hapo kuna kibali cha Bodi ya Filamu na leseni ya hakimiliki, kwa sheria ya filamu ya 1976 na ile ya hakimiliki ya 1999. Wengine wanaingia humo bila kujua.

Na kama mnachangishana watu watatu kununua moja, andikeni mapema itabaki kwa nani chuo kikiisha na kila mmoja arudishiwe ngapi. Kila mtu awe na akaunti yake yenye neno la siri ndani ya mashine hiyo hiyo, maana muvi ni za wote ila meseji siyo.

Siku ya kupanda Mgeta au Matombo izime kabisa, usiilaze tu, maana ikijiwasha ndani ya begi inapata joto na betri inaisha. Ifunge kwenye mfuko wa nailoni kabla ya begi, na ikae mgongoni kwako, siyo kwenye keria. Ikilowa, usiiwashe "kuangalia kama imepona". Chomoa chaja, toa betri kama inatoka, iinamishe ikiwa wazi maji yatoke, na uiache ikauke siku mbili kabla hujagusa kitufe.