Mboga Zilivyokalia Nafasi ya Maziwa Eldoret

Kwa familia ya Kinandi iliyochunga ng'ombe kwenye uwanda wa Uasin Gishu zama za kabla ya walowezi, mlo wa jioni usio na mboga haukuwa na kasoro. Kasoro ilikuwa kukosa maziwa. Kimyet, ugali mweusi wa wimbi, uliliwa na mursik, maziwa yaliyogandishwa ndani ya kibuyu kilichosuguliwa kwa mkaa wa mti wa senetwet. Nyama ilikuwa na siku yake, kwa kuwa mwiko ulikataza kuichanganya na maziwa. Leo, katika mji uliotangazwa kuwa jiji tarehe 15 Agosti 2024, ni nyumba chache ambamo ugali wa usiku hutengwa bila majani ya kijani kando yake. Yaliyotokea katikati ni historia ya ardhi, ya mshahara na ya mikono ya wanawake, na yeyote anayetaka kujua kama familia inapaswa kula mboga kila jioni atafanya vyema kuanzia hapo.

Hoja ya wanaozikwepa mboga inajulikana katika kila boma: wazee wetu hawakula majani, na bado walikimbia, walipigana na kuishi hadi mvi. Hoja hiyo ina nusu ya ukweli. Alfred Claud Hollis, afisa wa serikali ya kikoloni aliyechapisha kitabu chake kuhusu Wanandi mwaka 1909, aliandika habari za watu ambao heshima yao yote ilikaa kwenye zizi. Lakini zizi lilikuwa la wanaume. Pembeni mwa zizi lilelile, kwenye ardhi iliyorutubishwa na samadi, iliota isagek, ambayo sokoni leo huitwa saga, na isoik, yaani managu. Hakuna aliyezipanda. Wanawake na watoto walizichuma, wakazipika na kuzila, na mama aliyetoka kujifungua alipewa kwanza.

Namna ya kuipika isagek inaonyesha kwamba mboga na maziwa havikuwa maadui. Majani machanga hukwanyuliwa pamoja na ncha laini za matawi, shina gumu likatupwa. Huchemshwa muda mrefu kuliko anavyodhani mpishi wa mjini, na wapo wanaomwaga maji ya kwanza ili kupunguza uchungu. Kisha humiminiwa maziwa au malai, hukorogwa na kuachwa chunguni hadi kesho yake. Usiku huo mmoja hufanya kazi kubwa: maziwa huingia ndani ya majani, uchungu hulainika, mchuzi huwa mzito. Siku ya pili hupashwa moto na kutengwa na kimyet. Mtu aliyeonja saga iliyolala hivyo hawezi tena kusema kwamba mboga ni chakula cha kukosa.

Mwaka 1908 yalifika magari ya kukokotwa na ng'ombe. Makaburu walioongozwa na Jansen van Rensburg walipanda kutoka Nakuru, wakavuka misitu na matope hadi uwanda huu, ambao serikali ilikuwa imekwisha kuupima na kuukata kuwa mashamba ya walowezi. Posta ilijengwa mwaka 1910 kwenye shamba namba 64, ndiyo maana wenyeji waliuita mji huo Sisibo, yaani “sixty-four” kwa matamshi yao, hata baada ya jina la Eldoret kutangazwa mwaka 1912. Wanandi walikuwa wametoka vitani. Koitalel arap Samoei, kiongozi wao, aliuawa Oktoba 1905, na ng'ombe kwa maelfu wakatekwa. Wengi waliorudi kwenye uwanda walirudi kama maskwota: waliruhusiwa kukaa, kulima kijisehemu na kuchunga, kwa sharti la kumfanyia mlowezi kazi. Sheria ya 1918 iliweka siku 180 za kazi kwa mwaka.

Hapo ndipo mlo wa jioni ulipoanza kugeuka. Unga wa posho, ambao ulikuwa sehemu ya malipo ya kibarua, ulikuwa wa mahindi meupe, na mahindi yakaisukuma wimbi pembeni. Kwa muda skwota alikuwa bado na ng'ombe wake, kwa hiyo mursik ilibaki. Ila sheria ya 1937 iliyapa mabaraza ya wilaya, yaliyoshikwa na walowezi, mamlaka ya kupunguza mifugo ya maskwota. Ng'ombe walipopungua, ugali uliobaki ulihitaji kitu cha kuuteremsha koo. Kilichokuwa karibu ni majani.

Katika miaka hiyohiyo wataalamu wa serikali walikuwa wakibishana kuhusu sahani ya Mwafrika. John Gilks, mkuu wa idara ya tiba nchini Kenya, na John Boyd Orr, mtaalamu wa lishe kutoka Uskochi ambaye baadaye aliongoza Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa (FAO) na kupata Tuzo ya Nobel ya Amani mwaka 1949, walichapisha mwaka 1931 utafiti uliolinganisha Wamasai, watu wa maziwa, nyama na damu, na Wakikuyu, watu wa nafaka na viazi. Waliripoti kwamba mwanaume wa Kimasai alikuwa mrefu zaidi kwa wastani wa inchi 5 na mzito zaidi kwa ratili 23. Wengi waliokumbuka ripoti hiyo walikumbuka tarakimu hizo tu, na wanahistoria wa baadaye wameukosoa ulinganisho wenyewe. Lakini ndani yake kuna jambo ambalo lingestahili kupigiwa mbiu: wanawake wa Kikuyu walikuwa na afya bora kuliko waume zao, na tofauti moja iliyoonekana wazi ni kwamba wao walikula majani ya kijani kwa wingi, pamoja na chumvi ya majivu. Nyumba moja, jiko moja, ila mwanamke alikula alichokichuma na mwanaume akakiona si hadhi yake.

Ripoti hiyo inajibu hoja ya wanaozikwepa mboga vizuri kuliko mahubiri mengi. Mfugaji aliyeishi bila mboga nyingi aliishi kwa maziwa, na maziwa yalimpa kalisi na vitamini A. Zaidi ya hayo, supu yake ilitiwa magome na mizizi ambayo haikuhesabiwa kuwa chakula. Mjukuu wake aliyeacha mboga kwa kumfuata babu, huku maziwa ya asubuhi yote yakipelekwa kwenye tangi la kampuni na nyumbani yakabaki ya kutia chai, hamfuati babu hata kidogo. Ameondoa vyote viwili.

Sukuma wiki nayo si mwenyeji wa zamani. Asili yake, sawa na ya kabeji, ni pande za Mediterania, na ilifika nyanda za juu pamoja na bustani za wageni. Iliupenda mji huu ulio kwenye mwinuko wa kama mita 2,100, kwa sababu baridi ya usiku inayochelewesha managu haiisumbui. Tena ina tabia iliyolingana na maisha ya kibarua. Huvunjwa majani ya chini, juu ikaendelea kukua, na baada ya siku chache huvunjwa tena. Ile ya kienyeji hukatwa chipukizi na kuchomekwa ardhini bila kununua mbegu. Shina moja nyuma ya nyumba ya vyumba viwili huweza kuvunwa kwa miaka. Kwa mtu anayelipwa mwisho wa mwezi, mmea wa namna hiyo ni akiba.

Kisha vikaja viwanda. Mji ulipopata Rivatex mwaka 1976, pamoja na viwanda vingine vya nguo, sufu na mbao, wafanyakazi walimiminika kutoka Kakamega, Vihiga, Kisii na sehemu nyingine za Nyanza, wakapanga katika mitaa ya Langas, Huruma na Munyaka. Walikuja na majiko yao. Waluhya walileta mboga za mrenda na likhubi, pamoja na munyu musherekha, chumvi ya majivu inayolainisha majani magumu. Wakisii walileta chinsaga, ambayo mama wa Kinandi wa nyumba ya pili aliitambua mara moja: ilikuwa isagek yake. Waluo waliiita dek. Mengi yameandikwa kuhusu yanayowagawanya majirani wa Eldoret, na mengine ni ya kuumiza. Yafaa kuandikwa pia kwamba jioni majirani hao huinama kwenye kibanda kimoja wakichagua jani lilelile.

Tatizo ni kwamba ushindi wa sukuma ulikuwa mkubwa mno. Kwa miaka mingi mboga za kienyeji zilidharauliwa kama magugu na chakula cha maskini, na mgeni wa heshima hakuandaliwa mboga hizo. Mmoja wa waliozirudishia heshima ni Mary Abukutsa-Onyango, profesa wa kilimo cha mboga na matunda katika Chuo Kikuu cha Jomo Kenyatta. Alikulia magharibi mwa Kenya, na utotoni mwili wake ulikataa protini za wanyama, kwa hiyo alilelewa kwa majani hayohayo yaliyobezwa. Utafiti wake kuhusu mbegu na virutubishi ulimpatia tuzo ya sayansi ya Umoja wa Afrika mwaka 2010. Mwaka 2021 UNESCO nayo iliingiza juhudi za Kenya za kuhifadhi vyakula vya asili, zilizoanza mwaka 2007, kwenye orodha yake ya mifano bora. Sehemu ya juhudi hizo ilifanywa pamoja na watoto wa shule za msingi wa jamii za Isukha na Pokot.

Eldoret yenyewe ilijifunza thamani ya mboga kwa njia chungu zaidi. Mpango wa AMPATH, ulioanzishwa mwaka 2001 na Chuo Kikuu cha Moi, Hospitali ya Rufaa ya Moi na Chuo Kikuu cha Indiana ili kukabili Ukimwi, uligundua upesi kwamba wagonjwa walikuwa wakipokea dawa na kurudi kwenye nyumba zisizo na chakula. Mwili uliokonda haukupata nguvu kwa vidonge peke yake. Madaktari, Joe Mamlin akiwa mstari wa mbele, wakaanzisha mashamba, Mosoriot ikiwa miongoni mwa sehemu za mwanzo. Mboga zilivunwa na kugawiwa wagonjwa pamoja na familia zao, huku Shirika la Mpango wa Chakula Duniani likitoa nafaka, maharagwe na mafuta. Fungu la mboga likawa linaandikiwa mgonjwa na daktari.

Hata wanariadha, wanaotajwa sana kuwa ushahidi wa ugali na maziwa, hawakanushi umuhimu wa mboga. Utafiti wa Vincent Onywera na wenzake, akiwemo Mike Boit, mshindi wa shaba ya mita 800 kwenye Olimpiki ya 1972, ulichapishwa mwaka 2004. Ulionyesha kwamba wakimbiaji wa Kikalenjin waliochunguzwa walipata asilimia 76.5 ya nguvu zao kutoka kwenye wanga. Nyama ya ng'ombe waliila kama mara nne kwa wiki. Kabeji na maharagwe vilikuwa kwenye chakula chao cha kawaida.

Kwa hiyo, je, mboga iwepo kila jioni? Kwa nyumba ambayo ugali wa mahindi meupe umejaza sahani na maziwa yameuzwa, ndiyo, na bila kusitasita. Nyumba yenye mursik ya kutosha haitadhurika kwa usiku mmoja bila majani. Linalostahili kutiliwa mkazo zaidi ni aina. Sukuma usiku saba mfululizo huwachosha watoto, na mtoto aliyechoshwa hukua akidhani mboga zote zina ladha moja. Managu Jumatatu, kunde Jumatano na isagek iliyolala kwenye maziwa Jumamosi ni malezi ya ulimi.

Kinachozuia mchanganyiko huo mara nyingi ni kazi, kuliko hata bei. Sukuma hukunjwa na kukatwa kwa dakika chache. Mama mboga huishika kitita kimoja mkononi na kisu hupita chapuchapu mbele ya mteja. Managu na saga hukwanyuliwa jani kwa jani, na gunia dogo hula saa nzima. Kazi hiyo imeachiwa wanawake tangu zama za majani ya pembeni mwa zizi, na mwanamke anayetoka kazini saa kumi na mbili hana saa hiyo. Ndiyo maana vibanda vingine sasa huuza managu iliyokwisha kukwanyuliwa, hata kuchemshwa, kwa bei ya juu kidogo. Kwenye nyumba zisizomudu nyongeza hiyo, wavulana wana mikono kama dada zao, na sinia la managu huisha upesi likikaliwa na watu watatu.